Simfonia za karne ya 20: baada ya Shostakovich nisikilize nani?

BesiWaMwanza

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mwanza, naimba sauti ya nne. Kinachonilipa mshahara ni hesabu, nafundisha sekondari. Muziki wa okestra uliniingia kwa mlango ule ule wa wanakwaya wengi, Haleluya ya Handel. Kutoka hapo nikaenda kwa Beethoven, nikapita kwa Dvořák, na sasa nimenasa kwa Shostakovich. Simfonia yake ya 5 na ya 10 nimezirudia mpaka wanangu wanazipigia mluzi bila kujua wanapiga nini.

Shida yangu ni kwamba kila nikitafuta simfonia za karne ya 20 naletewa majina yale yale. Mahler, Sibelius, Prokofiev, Shostakovich, basi. Siamini kwamba wengine wote waliotunga walikuwa wanapoteza wino.

Naomba mnitajie mtunzi aliyesahaulika bila kustahili. Sharti langu: msinimwagie majina ishirini. Nipe mmoja, niambie nianze na kazi gani na nitege sikio wapi. Nota za mistari nazisoma kwa kusuasua, solfa ndiyo nyumbani. Bando langu ni la usiku, kwa hiyo kazi ya saa nzima si tatizo, nyumba inakuwa imelala.

Karibuni.

KitiChaMbele

Simfonia saa saba usiku? Mkuu, mimi ningekuwa nakoroma kabla mwongozaji hajapanda jukwaani. Nakaa hapa nisubiri wenye mambo yao.

MtangaWaKaskazini

Mwalimu, salaam. Umetaka mmoja, nakupa mmoja: Allan Pettersson wa Sweden. Anza na Simfonia ya 7.

Nijieleze kidogo ili usidhani ni msomi wa muziki. Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi Norrköping, mji wa viwanda vya zamani kusini magharibi ya Stockholm, na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mji huu una okestra ya simfonia tangu 1912, na ukumbi wake uko ndani ya kiwanda cha karatasi cha zamani, pembeni ya mto. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa na tiketi za msimu mzima, miguu ikamkatalia, akaanza kunipa mimi. Alikuwa anataka ripoti asubuhi yake, na ukimwambia "ilikuwa nzuri" anakasirika. Alitaka kujua nini kilikuwa kizuri na kilipigwa na nani. Ndiyo shule yangu hiyo.

Okestra hii ikiongozwa na Christian Lindberg, mpiga tromboni mashuhuri aliyegeuka mwongozaji, imerekodi simfonia za Pettersson moja baada ya nyingine kwa kampuni ya BIS. Hata ile ya 1, ambayo mwenyewe aliiacha haijakamilika, Lindberg aliishughulikia karatasi kwa karatasi mpaka ikaweza kupigwa. Kwa hiyo Pettersson nimemjua kwa ujirani tu.

Sasa, ukimtafuta mtandaoni utaletewa kwanza historia ya mateso. Ni ya kweli. Alizaliwa 1911, akakulia Södermalm, Stockholm, ambayo enzi hizo ilikuwa mtaa wa walalahoi. Baba alikuwa mhunzi na mlevi, mama mtu wa dini na tenzi. Fidla yake ya kwanza aliinunua kwa pesa za kuuza kadi za Krismasi. Akapambana akaingia chuo cha muziki, akawa mpiga viola, yaani fidla kubwa kidogo, kwenye okestra ya Stockholm, na mwaka 1951 akaenda Paris kusoma kwa watunzi Honegger na Leibowitz. Aliporudi, baridi yabisi ikamvamia viungo. Viola akaiweka chini moja kwa moja, na miaka iliyofuata alikuwa kama mfungwa kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na lifti.

Waandishi wengi wanaishia hapo, wanakuambia muziki wake ni kilio cha mgonjwa. Hapo mimi nagoma. Kazi yangu ni kuwaamsha, kuwaosha na kuwavisha watu wenye baridi yabisi. Maumivu yale nayajua. Yanamfanya mtu aache sentensi katikati, asahau alichokuwa anataka, aseme tutaongea kesho. Simfonia ya 7 ni dakika arobaini na ushei, sehemu moja tu, haina pa kukohoa, na pumzi yake haikatiki hata mara moja. Mtu aliyeishiwa nguvu hawezi kupanga kitu kirefu hivyo na kikashika. Wewe ni mtu wa hesabu, utamwelewa haraka kuliko wanaomhurumia.

Ukiwasha, utasikia nyuzi za chini zikianza taratibu, nzito. Usihangaike kutafuta do iko wapi, dakika hizo za mwanzo itakutoroka. Shika kile kipande kifupi kinachorudi na kurudi, na ufuatilie nani anakibeba. Kinapita kwenye nyuzi, tromboni zinakishika, kinazidi kubanwa. Hakuna wimbo wa kuimba njiani. Ukifika hapo wengi huzima. Usizime. Muziki unapanda mpaka unapasuka, na baada ya vurugu yote hiyo, ukiwa umeshapita nusu ya safari kwa mbali, nyuzi zinafungua wimbo mrefu, mtulivu, mpana. Hapo do utaiona mwenyewe. Mwanakwaya yeyote atautambua ukoo wake: ni tenzi. Mtu huyu kabla ya simfonia aliandika nyimbo 24 za sauti na piano, kati ya 1943 na 1945, maneno yake mwenyewe, zinaitwa *Barfotasånger*, nyimbo za peku peku. Kijana wa Södermalm na tenzi za mama yake bado wamo ndani ya ile okestra kubwa.

Halafu wimbo unaondolewa, na hakuna zawadi ya mwisho kama ile ya Shostakovich namba 5 yenye ngoma na matarumbeta. Inafifia tu.

Rekodi: tafuta ya Antal Doráti na okestra ya Stockholm, ndio walioipiga mara ya kwanza Oktoba 1968. Doráti anakwenda mbele bila kubembeleza. Ukishaizoea, sikiliza ya Leif Segerstam na okestra ya hapa kwetu, anaivuta zaidi na ule wimbo wa nyuzi anaupa nafasi. Mimi naanza siku zote na Doráti.

MwenyeHoja

Samahani dada, umeandika vizuri lakini tuwe wakweli. Muda ni chujio. Beethoven amebaki kwa sababu ni mzuri. Hawa wengine wangekuwa wazuri wangebaki. Mbona hatulazimishwi kuwatafuta wapiga dansi wabaya wa miaka ya 60?

MtangaWaKaskazini

Chujio linachuja kilichomiminwa, kaka. Kama hukumimina, usilaumu wala usisifu chujio.

Chukua huyo huyo Pettersson. Usiku ule wa 1968 watu walisimama kumpigia makofi, akiwa na miaka 57, na kabla ya hapo wengi Sweden walikuwa hawamjui. Mwaka 1975 okestra ya Stockholm ikaiondoa Simfonia ya 7 kwenye ratiba ya ziara yao ya Marekani. Akakasirika akawapiga marufuku kupiga kazi yake yoyote. Baadaye alilegeza, lakini nafasi ya Marekani kuisikia ilikuwa imeshapita, na 1980 akafariki. Nani alimchuja hapo? Ni kikao cha ratiba.

Na urefu. Tamasha la kawaida ni kipande kifupi cha kufungulia, kisha mpiga fidla au piano mgeni mwenye jina la kuuza tiketi, mapumziko ya kahawa, kisha simfonia. Ya 9 ya Pettersson inapita saa nzima kwa mbali, bila kusimama. Ukiiweka hiyo, mgeni wako mwenye jina anakaa wapi? Kahawa je?

SeloNairobi

Dada amegusa penyewe, wacha niongezee kutoka upande wa wanaopiga. Mimi hupiga selo, ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, hapa Nairobi na kikundi cha wapenzi wa muziki, sote tuna kazi zetu mchana, tunakutana jioni. Beethoven nota zake unazipakua bure, unachapisha, unaanza. Mtunzi aliyefariki 1980 bado yuko chini ya hakimiliki: nota za okestra huwa haziuzwi, zinakodishwa kutoka kwa mchapishaji kwa kila tamasha, zinatumwa kwa ndege, na lazima zirudi bila kukwaruzwa kwa wino. Kabla hujapiga hata nota moja umeshatumia pesa ya kukodi ukumbi. Kwa hivyo kamati ikikaa, mkono unainuliwa kwa Dvořák. Kila mwaka. Hakuna mtu amesema Pettersson ni mbaya; hakuna mtu amemtaja.

Na kuna sababu ingine, ya aibu zaidi. Mwalimu, wewe umesema mmoja, lakini huyu itabidi unisamehe nimuongeze: Florence Price.

Mwanamke mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, 1887. Alihamia Chicago 1927. Simfonia yake ya 1 ilishinda tuzo ya Wanamaker mwaka 1932, na Juni 1933 Chicago Symphony ikaipiga chini ya Frederick Stock. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupigiwa simfonia na okestra kubwa ya Marekani. Ungefikiri mlango umefunguka. Miaka kumi baadaye bado alikuwa anamwandikia Koussevitzky, mkubwa wa okestra ya Boston, akimwambia waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na kumwomba azitazame nota zenyewe. Boston hawakumpiga. Alifariki 1953.

Mwaka 2009 mume na mke walinunua nyumba iliyokuwa imeachwa huko St. Anne, Illinois, wakaanza kuisafisha ili waikarabati. Mti ulikuwa umeangukia paa. Katika chumba kilichobaki kikavu wakakuta marundo ya karatasi zenye nota, nyingi zina jina moja. Ilikuwa nyumba ya Price ya mapumziko. Ndani ya yale marundo kulikuwa na konserto zake mbili za fidla na okestra na Simfonia ya 4. Sasa MwenyeHoja, niambie muda ungechuja vipi kitu kilichokuwa chini ya paa linalovuja.

Kwa mwalimu wa kwaya: nenda Simfonia ya 1, sehemu ya pili. Inafunguliwa na kwaya ya vyombo vya shaba, sauti nyingi zimepangwa kama wimbo wa kanisani kabisa, na baadaye kengele zinaingia. Nilipoisikia mara ya kwanza niliacha kuosha vyombo. Sehemu ya tatu ni Juba, mchezo wa watumwa wa kupiga makofi na mapaja, kwa sababu ngoma walinyang'anywa. Price anaurudisha akiwa na ngoma za Kiafrika ndani ya okestra, pamoja na filimbi ya kuteleza inayofanya watu wacheke ukumbini. Rekodi ya Philadelphia Orchestra na Yannick Nézet-Séguin, 2021, ilichukua Grammy.

MwenyeHoja

Hiyo ya nyumba sikuijua. Sawa, naipakua hiyo Juba. Pettersson bado mnisamehe.

BesiWaMwanza

Wakuu, nimefanya kazi ya nyumbani.

Dada wa Tanga, Simfonia ya 7 nimeisikiliza usiku wa jana, gizani, kwa spika za masikioni. Dakika kama kumi za mwanzo nilikaribia kuzima kama ulivyosema. Ilikuwa inanibana kifua. Nikaanza kuhesabu kile kipande kinarudi kila baada ya mapigo mangapi, kikanidanganya. Kila nikidhani nimepata mpangilio, kinachelewa kidogo au kinawahi. Hapo nikaamka kabisa. Halafu ule wimbo wa nyuzi ulipokuja nilikuwa nimeshasahau kwamba okestra inaweza kutulia. Nilijikuta naweka sauti ya nne chini yake, kimyakimya. Inakubali.

Nakubaliana nawe, si kilio. Kilio hakina subira ile.

Price nimesikia sehemu ya pili tu, bando likaisha. Hiyo kwaya ya shaba naitaka. Kuna ubaya gani nikiiandika kwa solfa, sauti nne, kwa kwaya yangu?

Na swali dogo: kwenye kutafuta nimekutana na Weinberg, wanamwita kivuli cha Shostakovich. Nimpe muda au nipite?

MzeeWaMoscow

Vijana, mimi nilisoma uhandisi Moscow miaka ya 80, nimesoma uzi huu kimya ila hapo kwa Weinberg nimeshindwa kunyamaza.

Bwenini kwetu kulikuwa na televisheni moja, na Warusi wazima, watu wenye ndevu, walikuwa wanaacha kila kitu ikionyeshwa katuni ya dubu Vinni-Pukh, ya 1969. Vile vinyimbo vya dubu kila mtu alivijua. Mtunzi ni Mieczysław Weinberg. Muziki wa ile filamu ya Kirusi iliyoshinda Cannes 1958, *Korongo Wanaruka*, ni wake pia. Nchi nzima ilikuwa inamwimba, na jina lake hakuna aliyelitaja. Mimi mwenyewe nililijua baada ya kurudi Dar, miaka mingi baadaye.

BesiWaMwanza

Shikamoo mzee. Ahsante sana, hiyo ya dubu nitaianza na wanangu.

MtangaWaKaskazini

Shikamoo mzee, umenifurahisha.

Mwalimu, usimpite. Weinberg alizaliwa Warsaw 1919. Wajerumani walipoingia 1939 alikimbilia mashariki, Minsk, kisha Tashkent. Wazazi na dada yake walibaki, wakauawa. Shostakovich aliona nota za simfonia yake ya kwanza na ndiye aliyemwezesha kuhamia Moscow 1943. Baba mkwe wake, mwigizaji Mikhoels, aliuawa kwa amri ya Stalin Januari 1948, na Weinberg mwenyewe akakamatwa Februari 1953. Shostakovich alithubutu kumwandikia Beria, kigogo wa polisi wa siri, kumtetea. Stalin akafa Machi, Weinberg akatoka.

Hilo la kivuli ni uvivu. Hawa wawili walikuwa wanaonyeshana kila kazi mpya kabla wino haujakauka. Ipo rekodi ya 1954 wamekaa kwenye piano moja, mikono minne, wanapiga ile ile Simfonia ya 10 unayoipenda. Itafute, maana kazi unaijua tayari na utasikia mifupa yake bila nyama ya okestra. Mambo yalikwenda pande zote mbili. Shostakovich alimtolea Weinberg kwateti yake ya 10, kazi ya vyombo vinne vya nyuzi.

Ya kuanzia ni Simfonia ya 21, *Kaddish* (sala ya Kiyahudi ya kuombea wafu), 1991, kwa ajili ya waliokufa kwenye geto la Warsaw, mtaa ambao Wajerumani waliwafungia Wayahudi. Inakaribia saa nzima na sehemu zake zinafuatana bila kusimama. Rekodi ya mwongozaji Mirga Gražinytė-Tyla, ya 2019, na Gidon Kremer kwenye fidla. Tega sikio piano inapoingia na kipande cha Chopin, Balada ya kwanza. Inatokea kama redio ya jirani, okestra haiijibu, kisha inapotea. Na mwishoni kuna sauti ya mwanamke inaimba bila maneno. Ni mwongozaji mwenyewe anaimba. Nikisikia sehemu ile nikiwa kwenye basi nashuka kituo kinachofuata nitembee.

Ila usiisikilize usiku mmoja na Pettersson. Weka Price katikati.

SeloNairobi

Kuhusu solfa: haki za kazi za Price duniani kote zilichukuliwa na mchapishaji G. Schirmer mwaka 2018. Kuandika ili usikie mwenyewe nyumbani hakuna atakayekufuata. Ukitaka kwaya iimbe mbele ya watu, na hasa mkirekodi, waandikie kwanza; ni barua pepe moja, usiombe msamaha baadaye.

Na sauti za shaba ni nyingi kuliko nne, itabidi uchague. Mimi ningeanza na wimbo wa juu na mwendo wa besi, halafu nijaze katikati.

BesiWaMwanza

Nimeelewa. Nimeandika baa nane za kwanza leo wakati wa mtihani wa kidato cha pili, nikiwa msimamizi. Besi inashuka sana, vijana wangu wawili tu ndio wanafika huko.

SeloNairobi

Huko chini kuna tuba, mwalimu. Ipandishe oktava moja, la sivyo watakuachia kwaya.